Fimbo Mbili, Nguvu Mara Mbili?

Tangu nianze kuwaendeshea marafiki mchezo wa Dungeons & Dragons hapa Eldoret, swali linalorudi kila mara ni hili: mchawi akishika fimbo mbili za uchawi, moja kila mkono, je, anapata nguvu mara mbili? (Neno mchawi nalitumia kwa maana ya mchezo. Msinikimbie.)

Kwa wasioujua, huu ni mchezo wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Hauhitaji kompyuta. Kila mchezaji anaigiza mhusika wake, msimulizi anaeleza yanayotokea, na dadu zinaamua kama umefaulu. Fimbo ya uchawi kwa kawaida hukupa nyongeza fulani, tuseme 2, juu ya namba iliyotoka kwenye dadu.

Kwa sisi tunaoandika programu swali ni jepesi kuliuliza: nyongeza mbili zikikutana, unaita sum au max? Yaani unajumlisha zote, au unachukua iliyo kubwa na kuisahau nyingine? Ukichagua sum, jiandae. Mchezaji mjanja atakuja na mzigo wa vikorokoro, na dadu hazitakuwa na kazi tena.

Watunzi waliliona tatizo hilo. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilisema nyongeza za aina moja kwa kawaida hazijumlishwi. Max. Mwaka 2004 kitabu kiitwacho Complete Arcane kikafungua mlango kidogo: aliyejifunza kipaji maalumu aliweza kutumia vifimbo viwili kwa mpigo, ila cha pili kilikula chaji mbili badala ya moja. Kifimbo kipya kina chaji 50, kwa hiyo kile cha mkono wa pili kinakwisha baada ya mipigo 25. Mimi naipenda sana sheria hii. Anasa unaipata, lakini unailipia. Toleo la nne likaja mwaka 2008 na kurudi kwenye zana moja tu, kisha mwaka 2009 kitabu cha Arcane Power kikaruhusu nyongeza ya zana ya mkono wa pili iingie kwenye madhara, si kwenye kulenga shabaha.

Halafu toleo la tano, mwaka 2014, likaliacha kabisa suala la mikono. Vitu vingi vyenye nguvu sasa vinadai kwanza vifungamane na mwenyewe, na mtu mmoja hawezi kufungamana na zaidi ya vitatu. Fungamano hukatika ukifa, kitu kikikaa mbali nawe zaidi ya futi 100 kwa saa 24, au mtu mwingine akifungamana nacho.

Niliposoma hapo nilisimama. Vitatu, kifo, umbali. Jirani zetu wa Nandi wanayo hadithi hiyo, na yao si mchezo.

Orkoiyot wa Wanandi alikuwa kiongozi wa mambo ya kiroho: aliona yajayo na kubariki vita. Kimnyole arap Turgat aliuawa na watu wake mwenyewe mnamo 1890, na wanawe wawili, Koitalel na Kipchomber, wakagombea nafasi yake, kila mmoja na wafuasi wake. Wanandi hawakujumlisha. Koitalel arap Samoei akabaki kuwa Orkoiyot, Kipchomber akaenda kwa Wakipsigis na kuanzisha ukoo wa Orkoiyot huko.

Koitalel aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa takriban miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mlima wa Ket Parak, alifika kwenye mkutano ulioitwa wa amani akapigwa risasi. Aliyemuua ni afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Yeye alidai kwamba ulikuwa mtego dhidi yake. Uchunguzi ukafanywa mara tatu na kila mara akaondolewa lawama, ila mwaka 1906 aliondolewa nchini. Fimbo tatu za Koitalel zikaishia Uingereza nyumbani kwake. Alikufa mwaka 1967 bila kuzirudisha. Mwanawe ndiye aliyezirudisha, mwaka 2006, miaka 101 baada ya mauaji.

Sasa fikirini kama waandishi wa programu. Kama nguvu ingekuwa ndani ya fimbo, kazi ya serikali ya kikoloni ingeisha mwaka 1905. Zana zote tatu zilikuwa mikononi mwao. Lakini tazameni walichofanya baadaye. Mwaka 1923 walimkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel aliyekuwa Orkoiyot wakati huo, Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana rika. Hakuachiliwa hadi 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Miaka 41! Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa Orkoiyot, kutoka kwa Wakipsigis. Wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Watu wazima, watoto, wazee. Hakuna aliyewakuta na fimbo ya Koitalel.

Serikali haihamishi ukoo mzima kwa sababu ya vipande vya mti vilivyo ukutani Uingereza. Maafisa wale, waliokuwa wakidharau imani hizi kwenye ripoti zao, kwa vitendo walikubali kwamba nguvu iko kwenye fungamano la watu na Orkoiyot wao. Gygax na Arneson walianza na orodha ya vifaa, na warithi wao wakachukua miaka 40 kufika hapo.

Barsirian alifariki mwaka 1974, mwaka uleule mchezo ulipotoka. Ni sadfa tu. Fimbo ziko nyumbani Nandi, na Nandi Hills kuna makumbusho yenye jina la Koitalel. Ukitoka Sisibo asubuhi unarudi siku hiyohiyo.

Mezani kwangu jibu sasa ni hili. Shika fimbo ngapi upendavyo, nitahesabu iliyo kubwa tu. Ukimwua mtu ukachukua yake, nakuandikia sifuri, mpaka watu wake wakukubali. Wachezaji wawili bado wananilalamikia. Kama meza yenu inatumia sheria nyingine, niandikieni.