Mama watano walioishitaki Ubelgiji

Wasikilizaji wetu wa Himbi, nanyi mliokimbia vita na familia zenu, leo tukumbuke watoto machotara wa wakati wa ukoloni. Baba mzungu, mama mweusi: serikali ya Ubelgiji iliwapokonya mama zao na kuwaweka kwenye misioni.

Wasichana watano walipelekwa kwa masista wa Katende, Kasai, kabla ya kutimiza miaka 7. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Ubelgiji iliwaacha huku.

Mwaka 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi. Lakini radhi si hukumu. Monique Bitu Bingi na wenzake wanne, sasa ni bibi wazee, waliishitaki serikali. Mwaka 2021 walishindwa. Wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya Brussels ilisema huo ulikuwa uhalifu dhidi ya binadamu, na kosa la namna hiyo haliozi. Kila mmoja alipwe euro elfu 50.

Wazazi mnaotafuta watoto waliopotea au waliochukuliwa, andikeni: jina la mtoto, la mama, mahali, siku. Karatasi hiyo itunzeni. Hata baada ya miaka 70, serikali inaweza kuulizwa.