Mundu wa Mikono Miwili

Wakulima wa Ulaya wana zana moja ya kukatia majani ambayo Waswahili wengi wameiona kwenye picha tu. Ina mpini unaokaribia kimo cha mtu, wenye vishikio viwili, na chini yake ubapa mwembamba uliopinda, wa sentimita 60 hadi 90, uliolala karibu kabisa na ardhi. Mkataji husimama wima, akazungusha kiuno kutoka kulia kwenda kushoto, na majani yakalala mstari upande wake wa kushoto. Watafsiri huiita mundu, wengine fyekeo. Kwa mtu wa Iringa au Mbeya, majina hayo yote mawili tayari yana wenyewe.

Fyekeo, ambalo wengine huliita kwanja, analijua kila aliyepita shule ya msingi: kipande cha chuma kilichopinda kwenye ncha, mkono mmoja, mgongo umeinama. Hukata kwa pigo. Ndiyo maana hata likiwa butu kidogo kazi inakwenda, na likigonga kisiki mwenye nalo anaendelea tu. Mundu ni jambo jingine. Wakati wa kuvuna mpunga Mbarali au Pawaga, mkono mmoja hushika mabua na mwingine huvuta. Makali yako ndani ya mpindo, nayo hukata kwa kuteleza juu ya bua.

Basi mtu atasema, tuite mundu wa mpini mrefu, yaishe. Hayaishi, kwa sababu huku nyanda za juu kuna nyengo. Nayo imepinda, nayo ina mpini mrefu, lakini ni ya vichaka na matawi, na hukata kwa uzito wa kushuka. Urefu wa mpini hautenganishi kitu hapa.

Kinachotenganisha ni jinsi makali yanavyofanya kazi. Zana ya Ulaya haipigi; huteleza, kama mundu. Kwa hiyo makali yake lazima yawe membamba mno. Zile za Austria hufuliwa kwa nyundo zikiwa baridi, bila moto, hadi ukingo uwe mwembamba, kisha hunolewa kwa kinoo kila baada ya dakika chache mkataji akiwa shambani. Hupendwa alfajiri, umande ukiwa bado upo, maana jani lenye maji hukatika kirahisi kuliko lililonyauka. Mzoefu aweza kumaliza kama ekari moja kwa siku. Lakini jiwe moja au kichuguu kilichojificha kwenye majani, na ukingo umekwisha.

Hapo ndipo naona sababu ya kutoizoea. Mashamba yetu mengi yana visiki na vichuguu, na mabingobingo ya wafugaji wa Rungwe yana mabua manene yanayotaka panga. Ingefaa kwenye vitalu vya nyasi za Rhodes vilivyosafishwa vizuri, au kwenye nyasi laini za baridi kama zile za uwanda wa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Ila sehemu kubwa ya uwanda huo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo tuzungumzie shamba la mifugo lililo jirani.

Nasimama na mundu wa mikono miwili. Mundu kwa sababu ya makali yanayoteleza. Mikono miwili ili usichanganywe na ule wa mpunga. Hata nje ya kilimo jina hili lina kazi. Mundu wa Ufunuo sura ya 14 ni ule mdogo, na wa nembo ya Kisovieti ya nyundo na mundu vilevile. Lakini Mauti ya wachoraji wa Ulaya, yule wa mifupa na joho, hubeba huu mkubwa, na mtafsiri anayeandika mundu tu humpa msomaji picha ya mvunaji aliyeinama.

Kazi yenyewe nisingeiita kufyeka. Anayefyeka anataka mahali pawe wazi, na kilichokatika hana haja nacho. Huyu anayataka majani yenyewe: yalale mstari, yageuzwe juani, yafungwe hei kabla mvua za Novemba hazijaanza.