Huruma ya marubani wawili ilivyovujisha siri za Zero

Wadau, mwaka 1941 Zero ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ndege hii ya kivita ya Japani, iliyoruka kutoka kwenye meli, ilikuwa nyepesi, inakata kona balaa na inafika mbali. Ila wepesi huo ulikuwa na bei yake: rubani hakuwekewa hata bamba la chuma la kumkinga.

Juni 1942, Wajapani wakishambulia Alaska, Zero moja ikapigwa ikaanza kuvuja oili. Rubani akajaribu kutua kisiwa cha Akutan, akadhani ni majani tu kumbe chini ni tope. Ndege ikapinduka, akafa. Wenzake wawili angani walikuwa na amri ya kuiteketeza kwa risasi isiangukie mikononi mwa adui. Wakashindwa. Je, kama jamaa yetu bado mzima? Wakaondoka zao.

Mwezi uliofuata Wamarekani wakaiona, wakaitengeneza, na Septemba wakairusha wenyewe. Mambo yote hadharani: ikiwa kasi sana inakuwa nzito kugeuka, na ukiisukuma pua chini ghafla injini inakata. Marubani wao wakapewa mbinu za kuikwepa.

Haya, ungekuwa wewe angani siku ile, ungefyatua?