PARIS 1976: ULIMI DHIDI YA LEBO

Wadau, kuna swali ambalo wanywaji wengi wa mvinyo hulikwepa. Chupa ghali ni tamu kwa sababu ya kilichomo ndani, au kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa nje? Swali hilo liliwahi kujibiwa, tena katika mji ambao haukulitaka jibu lake.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1855 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa, na serikali ya Napoleon III ikataka mvinyo wa Bordeaux upangwe kwa madaraja. Kazi wakapewa madalali. Kipimo chao kikuu kilikuwa bei: mvinyo uliozoea kuuzwa ghali ukapewa daraja la kwanza, unaoufuatia la pili, mpaka la tano. Mpangilio huo unatumika hadi leo. Badiliko lake kubwa lilikuja mwaka 1973, Château Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Yaani bei ilizaa jina, kisha jina likaendelea kuzaa bei.

Sasa njoo tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza mmoja, Steven Spurrier, aliyekuwa na duka na shule ya mvinyo hapo hapo Paris, alishirikiana na Mmarekani Patricia Gallagher kuandaa uonjaji katika hoteli ya InterContinental. Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru, nao wakataka watu waonje mvinyo wa California. Majaji walikuwa 9, Wafaransa watupu, na si watu wa mchezo. Alikuwepo Aubert de Villaine, mmoja wa wamiliki wa Domaine de la Romanée-Conti. Odette Kahn, mhariri wa La Revue du vin de France. Na mpishi maarufu Raymond Oliver.

Mvinyo mweupe ulikuwa wa aina 10: 6 za California na 4 za Burgundy. Mwekundu vilevile: 6 za California na 4 za Bordeaux. Majina yalifichwa. Kila jaji alitoa alama kati ya 20.

Mambo yakaanza kuwa matamu. Oliver alionja glasi moja ya mweupe, akafurahi kwamba sasa wamerudi Ufaransa. Kumbe alikuwa ameonja mvinyo wa Napa, California!

Alama zilipojumlishwa, mweupe wa kwanza ulikuwa Chateau Montelena wa 1973, uliotengenezwa na Mike Grgich, mhamiaji kutoka Kroatia. Mwekundu wa kwanza ulikuwa Stag's Leap Wine Cellars wa 1973, kazi ya Warren Winiarski, mtu aliyeacha kufundisha chuo kikuu akaenda kulima mizabibu. Mouton, yenye daraja lake jipya, ikawa ya pili. Inasimuliwa kwamba Kahn alidai arudishiwe karatasi zake za alama. Hakupewa.

Sisi wa kalamu tuna la kujifunza hapa. Waandishi wengi walialikwa, lakini aliyetokea ni mmoja tu: George Taber wa jarida la Time. Wengine waliona hakuna habari, Ufaransa itashinda tu. Taber aliandika aya chache, na aya hizo zikabadilisha biashara ya mvinyo duniani. Leo chupa za washindi wale wawili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Tusitie chumvi lakini. Majaji 9 na mchana mmoja si mahakama ya rufaa, na Stag's Leap iliishinda Mouton kwa tofauti ndogo sana. Wafaransa wakasema mvinyo wao hukomaa taratibu, wangojewe. Wakangojewa miaka 30. Mwaka 2006 mvinyo mwekundu ule ule ulionjwa tena, London na Napa. California ikachukua nafasi 5 za kwanza, Ridge Monte Bello wa 1971 ukiongoza.

Kwangu, hoja si kwamba California ni bora kuliko Ufaransa. Hoja ni kwamba pengo la majina lilikuwa kubwa kuliko pengo la ladha, na wanywaji walikuwa wakililipia pengo la majina.

Kwa nini nawachosha na habari za Paris? Kwa sababu nasi tunayo Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wapo Watanzania wanaoukataa mvinyo wa Dodoma kabla haujagusa ulimi, wakaagiza wa Afrika Kusini kwa kusoma lebo tu. Labda wana haki. Labda hawana. Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama: nunua chupa tatu za bei ya kawaida kutoka nchi tofauti, zifunge kwa gazeti, mtu mwingine azipange na kuzipa namba. Nusa, onja, andika alama, kisha ndipo ufungue gazeti.

Ukishaona jina, ulimi hauko huru tena. Hata mabingwa wa Paris walilijua hilo wakiwa wamechelewa.