Kitanda cha Mfumi Kilichokutwa Kishanda

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, bila shaka mnalikumbuka somo la historia lililotufundisha kwamba wakoloni ndio walioviua viwanda vyetu vya jadi. Nami niliandika hivyo katika mtihani nikapata alama zangu. Likizo yangu ya mwaka jana huko Kishanda ilinifanya nilifikirie upya jibu lile.

Katika ghala la kikundi kimoja cha akina mama nilikuta kitanda cha mfumi, kile kikubwa chenye kanyagio za miguu, kimefunikwa magunia ya kahawa. Wafadhili walikileta zamani ili wasichana wajifunze kufuma. Sasa kuku walitagia humo. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, mbao hazina kosa. Aliyejua kuzifunga kamba ndiye hayupo."

Kufuma pamba si jambo geni Afrika Mashariki. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota viduara vya udongo vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji ule zilipelekwa hadi Misri. Wafipa na Wanyamwezi nao walifuma, kwa vitanda vilivyotandazwa chini bila kanyagio. Lakini sisi Wahaya, tukubali tu, tulivaa ngozi na olubugo, yaani gome la mti wa jamii ya mkuyu, linalobanduliwa na kupondwa kwa nyundo ya mti yenye mifereji mpaka lipanuke na kulainika. Hata olubugo huo leo utauona zaidi kwa majirani zetu Waganda, ambao ufundi wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008.

Ni nani basi aliyeuondoa? Shuka za merikani, zilizofumwa kwa mashine huko Massachusetts, zilianza kumiminika Zanzibar katika miaka ya 1830. Misafara ya pwani ikazipandisha bara, na Speke alipofika kwa Mukama Rumanika wa Karagwe mwaka 1861, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamemtangulia. Emin Pasha alijenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Kwa hiyo nguo ilitangulia bendera kwa miongo kadhaa. Kodi na kahawa ya biashara vilikuja kumalizia kazi. Mwalimu wetu (Mungu amrehemu) hakukosea kabisa, ila alianza hadithi katikati.

Turudi kwenye kitanda. Nilimwita fundi seremala. Kwanza tulipima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe ya fremu, kwani vipimo hivyo viwili visipolingana, kitambaa nacho kitapinda. Vilitofautiana kwa vidole vitatu. Tukagonga kabari, tukabadilisha mguu mmoja ulioliwa na mchwa, kisha tukakiinua juu ya matofali. Chanuo la chuma lilikuwa na kutu, na si ajabu kwa mvua zetu za Bukoba. Tulilisugua kwa mafuta na kulikausha sana, maana mafuta yakibaki huchafua uzi.

Kamba ndizo zilizotutoa jasho kwa siku nne. Hatimaye binti mmoja aligundua michubuko ya kamba za zamani kwenye mbao, tukaifuata alama kwa alama: kanyagio moja iinue nyuzi za mtande zenye namba witiri, nyingine zenye namba shufwa, na mshindio upite katikati. Tulitumia kamba zisizonyumbuka. Nimewasihi pia walegeze mtande kila jioni, mbao zisivutwe usiku kucha.

Kitambaa cha kwanza kilipinda hata hivyo. Bibi alikitundika ukutani kwake. Leo wasichana wawili wanaweza kufunga kanyagio bila kumwuliza mtu, na nimewaomba wachore kila fundo katika daftari. Meno sita ya chanuo yamevunjika. Mwenzetu yeyote mwenye chanuo kuukuu, au anayemjua fundi wa kulitengeneza, tafadhali anitafute siku ya mkutano.