Forodha ya Kilwa: miaka mia tano ya kulipa na kudai cheti

Tarehe 20 Novemba 1506, Mreno aitwaye Diogo de Alcáçova, akiwa Cochin katika pwani ya Malabar, alimwandikia mfalme wake barua ndefu kuhusu dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Humo aliorodhesha ushuru uliokuwa ukitozwa Kilwa kabla Wareno hawajaiteka. Aliyewahi kusimama dirishani akimsubiri karani wa forodha amalize hesabu ataielewa barua hiyo mara moja.

Mfanyabiashara aliyetaka kwenda Sofala alilipa kwanza mithkali moja ya dhahabu, yaani zaidi kidogo ya gramu nne, kwa kila vitambaa 500. Hiyo ilikuwa ada ya kuingia tu. Kisha mfalme alijitwalia theluthi mbili za shehena. Theluthi iliyobaki ilithaminiwa upya kwa dhahabu na kutozwa mithkali 30 kwa kila 1,000. Akifika Sofala, alitoa kitambaa kimoja katika kila saba. Akirudi na dhahabu yake ilimlazimu kutia nanga Kilwa tena na kulipa mithkali 50 kwa kila 1,000. Pembe za ndovu nazo zilikuwa na hesabu yake.

Hizo theluthi mbili zinanitia shaka. Alcáçova alikuwa akimweleza mfalme wake utajiri gani ungeweza kuingia hazina ya Lisbon, na mwenye kazi kama hiyo huwa hapunguzi chumvi. Huenda pia mfalme wa Kilwa alikuwa mbia katika safari hizo, naye Mreno akaliona fungu la mbia akalihesabu kuwa ushuru. Biashara inayonyang'anywa theluthi mbili mlangoni haiishi vizazi kadhaa, na ya Kilwa iliishi.

Kipengele kilicho kizito zaidi kwangu ni kile cha nahodha aliyejaribu kuikwepa Kilwa. Akiipita bila kuingia na kutokea Mombasa, huko aliulizwa cheti cha malipo. Asipokuwa nacho, alitozwa palepale zile mithkali 50 kwa kila 1,000, na dhahabu ikapelekwa kwa mfalme wa Kilwa. Miji miwili, watawala wawili, wivu wa kutosha baina yao, na bado karatasi ya mmoja ilikubalika kwa mwenzake.

Nguvu hiyo ilitoka kwenye upepo. Chombo kilichotoka Gujarati au Aden kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua na kurudi kwa kusi bila kupoteza msimu. Kwenda mbele hadi Sofala ilikuwa habari nyingine. Kilwa Kisiwani ikawa ghala la katikati, na mwenye ghala ndiye aliyeshika ushuru. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hassan bin Suleiman, ambaye jina lake linahusishwa na Husuni Kubwa, jumba lenye uwanja mkubwa wa biashara pembeni ya makazi ya mfalme. Wageni wanaovushwa leo kutoka Kilwa Masoko kwenda kuona magofu husimuliwa zaidi habari za misikiti. Ningependa wasimuliwe pia kwamba mengi ya mawe yale yalilipiwa na forodha.

Wareno waliikuta njia ya fedha imekwisha kuchongwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kutoa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ikafuliwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika 1506 na ambacho bado kipo Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome. Kilichofuata ni mageuzi ya forodha ya aina yake: biashara ya dhahabu na vitambaa ikawa mali ya mfalme wa Ureno, na wenyeji wakakatazwa. Wafanyabiashara hawakubishana. Walipakia vyombo vyao wakahamia Malindi, Mombasa na kwingineko. Kabla ya miaka miwili kupita Wareno wenyewe walilazimika kulegeza katazo ili watu warudi, na mwaka 1512 wakaiacha ngome. Forodha isiyo na wafanyabiashara ilikuwa gharama tupu.

Karne ya 18 ilileta mkataba mbaya kuliko huo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alikubaliana na Mfaransa Jean-Vincent Morice kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja, na kwa kila kichwa sultani apewe piastre mbili za ziada. Ziliitwa zawadi. Yeyote anayejua forodha anajua zilikuwa nini. Miaka michache baadaye Waomani waliitwaa Kilwa, na ushuru ukaanza kutazama Unguja.

Chini ya Seyyid Said, sultani wa Kiomani aliyetawala Unguja na pwani, kituo kikubwa cha kusini kilikuwa Kilwa Kivinje, bara, mahali misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipofikia bahari. Mataifa ya nje yalikuwa yameanza kudai utaratibu mwepesi. Mkataba na Marekani wa Septemba 1833 uliweka ushuru mmoja wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, bila ada nyingine juu yake. Waingereza walipata masharti kama hayo mwaka 1839, ila Seyyid alijiwekea akiba yake: pembe na sandarusi ya pwani, kuanzia Mtang'ata hadi Kilwa, zilibaki marufuku kwa wageni. Ukiyasoma masharti hayo leo utaona kwamba wepesi ulikuwa wa mgeni aliyefika na meli kubwa Unguja. Msafara ulioingia Kivinje ukitoka bara uliendelea kutozwa kwa viwango vya nchi ulikotoka.

Tena sultani hakutoza mwenyewe. Forodha yote ilikodishwa kwa tajiri aliyelipa fungu moja kwa mwaka, kisha akakusanya chake. Kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa asili ya Kutch, hadi katikati ya miaka ya 1870 ilipomwendea Taria Topan. Mawakala wao walikaa katika kila bandari, wakiandika.

Na waliandika kila kitu. Kutokana na hesabu za forodha ya Kilwa, zilizowasilishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871, tunajua kwamba kati ya 1862 na 1867 watu 76,703 walipelekwa Unguja kama watumwa na 20,500 kwingineko. Jumla ni 97,203 katika miaka mitano, kutoka bandari moja. Hao ni waliolipiwa ushuru tu. Waliopitishwa usiku hawamo. Karani aliyeandika idadi hiyo alifanya kazi yake kwa usahihi, kodi ya forodha ilipanda, na hapakuwa na kosa lolote kwenye vitabu. Ndiyo maana siwezi kuvumilia sana mazungumzo ya ufanisi wa forodha yasiyouliza kwanza nini kinapita na kwa faida ya nani.

Biashara hiyo ilipigwa marufuku baharini kwa mkataba wa Juni 1873 alioutia saini Seyyid Barghash, na mwaka 1876 misafara ya watumwa ya nchi kavu nayo ikakatazwa. Mpira wa porini ukachukua nafasi kwenye maghala ya Kivinje na Lindi.

Kisha ikaja Aprili 1888. Seyyid Khalifa aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kilichokuwa kiini cha mkataba ni haki ya kukusanya ushuru. Agosti maofisa wa kampuni wakaanza kushika forodha, wakipandisha bendera yao kando ya ile ya sultani. Pwani nzima ikalipuka. Vitabu vya shule humtaja Abushiri wa Pangani, lakini Kilwa Kivinje iliwaua Wajerumani wawili Septemba mwaka huo, na wa Lindi na Mikindani walikimbilia baharini. Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliirudisha Kilwa, kisha Lindi na Mikindani, kwa mizinga Mei 1890. Miaka mitano baadaye Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara wa misafara aliyewasumbua Wajerumani kwa muda, alinyongwa Kivinje. Katika orodha ya vita vya ukombozi wa nchi hii, naona vita vya 1888 tungeviita kwa haki vita vya forodha.

Kipindi cha Waingereza nitakipita haraka, maana kusini hakikuleta mengi. Tanganyika iliingizwa kwenye umoja wa forodha na Kenya na Uganda katika miaka ya 1920. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Karanga zikashindwa, bandari ikabaki, na Lindi ikapoteza meli zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na magendo yakawa riziki ya kawaida ya pwani.

Yanayoitwa mageuzi ya forodha leo yalianza hapo kwenye kifusi. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi Julai 1996. Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya uliingia Januari 2005, na mwaka 2014 likaja Eneo Moja la Forodha: mzigo wa Uganda au Rwanda unalipiwa kodi bandari ya kwanza, kisha cheti kinatosha njia nzima. Alcáçova angeutambua utaratibu huo. Desemba 2013 huko Bali, Shirika la Biashara Duniani lilipitisha Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, ulioanza kutumika Februari 2017. Una jambo jema ambalo mikataba ya 1833 na 1839 haikuwa nalo: nchi inayoendelea inataja yenyewe masharti itakayotekeleza sasa, yale inayohitaji muda, na yale ambayo haitayaanza mpaka isaidiwe fedha na utaalamu.

Fedha zimekuja. Japani ilisaidia Rusumo, kituo cha pamoja kikazinduliwa 2016. Namanga ikafuata 2018, Tunduma 2019. Lori linasimama mara moja badala ya mbili. Ni kazi nzuri, na madereva waliowahi kulala siku kadhaa Tunduma hawahitaji kushawishiwa.

Lakini vituo hivyo vyote viko kwenye njia za malori. Kusini kuna Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa 2010, linalotupeleka Msumbiji ambayo haimo katika umoja wetu wa forodha. Hati rahisi ya uasili wa bidhaa, inayomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000, ni ya nchi za Jumuiya. Haimsaidii anayevuka Ruvuma au anayekwenda Ngazija. Hata kati ya Kilwa na Unguja, kutozwa kodi mara mbili kwa bidhaa zinazotoka Zanzibar kuja Bara kulikaa miaka mingi katika orodha ya kero za Muungano. Mwaka 1500 cheti cha Kilwa kilikubalika Mombasa. Matokeo ya haya yote ni zile tunazoziita bandari bubu, yaani zisizo rasmi, na dawa inayoletwa mara nyingi ni doria.

Wanaopanga awamu ijayo ya misaada ya forodha, ndani na nje ya nchi, waanze na mashua. Wabandike viwango vya ushuru kwa Kiswahili katika gati za Masoko, Kivinje na Lindi, kama mkataba wa Bali unavyotaka viwango vitangazwe. Wamwekee nahodha dirisha moja la kulipia. Na serikali zetu mbili zihakikishe kwamba stakabadhi aliyopewa Malindi, Unguja, haidaiwi nyingine akishusha Kilwa.