JALADA LILILOFUNGWA MARA MBILI: KESI YA MEDGAR EVERS, 1963–1994



Katika mkutano wetu uliopita palizuka mabishano makali ya mezani. Hoja ilikuwa hii: mtu aliyeua akiwa na nguvu zake, asitiwe mkononi mpaka amekuwa mzee wa mkongojo, je, ni haki kumfikisha mahakamani? Wengi walishika ule msemo wetu wa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi nilikuwa upande wa wachache, na kwa kuwa sauti yangu haikufua dafu mbele ya wenye vifua vipana, Mhariri amenipa kurasa hizi niseme kwa kalamu. Nimechagua kesi moja ya Marekani niliyoisoma tangu nilipokuwa Chuo Kikuu, kwa sababu watu wa huko walibishana juu yake kwa maneno yale yale tuliyobishana sisi, na hatimaye kesi yenyewe ikaamuliwa.

Medgar Evers alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Decatur, jimbo la Mississippi. Alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili akiwa askari wa Marekani, akarudi kwao akakuta kwamba mtu mweusi aliyevuka bahari kupigania uhuru wa Wafaransa hana ruhusa ya kupiga kura katika wilaya yake mwenyewe. Alisoma chuo, akafanya kazi ya kuuza bima, na mwaka 1954 akaomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Mississippi. Alikataliwa. Mwaka huo huo akaajiriwa kuwa katibu wa kwanza wa jimbo hilo wa NAACP, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Evers alikuwa akifuatilia kwa makini habari za Mau Mau. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa mwaka 1953, mwaka ule ule Jomo Kenyatta alipohukumiwa kifungo kule Kapenguria, alitaka mtoto aitwe Kenyatta. Mama mtoto, Bibi Myrlie, akatanguliza jina la Darrell, na kijana akawa Darrell Kenyatta Evers. Evers aliwahi kuyafikiria mapambano ya silaha, akayaacha. Silaha yake ikawa kuandikisha wapiga kura, kugomea maduka ya wabaguzi, na kukusanya ushahidi wa watu weusi waliouawa vijijini bila ya mtu kushtakiwa.

Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka ya ndani, Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Siku 11 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, Evers alirudi nyumbani kwake mjini Jackson baada ya saa sita. Jioni ile Rais Kennedy alikuwa amelihutubia taifa katika televisheni juu ya haki za watu weusi, na mke na watoto walikuwa macho wakimngojea baba. Alishuka garini akiwa amebeba fulana zenye maandishi ya kupinga ubaguzi. Risasi moja ikampata mgongoni. Watoto walilala chini sakafuni kama alivyowafundisha mwenyewe, maana alijua siku hiyo ingeweza kufika. Alifariki hospitalini akiwa na umri wa miaka 37.

Sasa wasomaji mniwie radhi, maana nataka kwenda polepole. Wengi wakisikia kesi iliyokaa miaka 30 hudhani kwamba polisi hawakumjua muuaji. La hasha. Bunduki ilipatikana siku ile ile kichakani karibu na nyumba, na kwenye darubini yake palikuwa na alama ya kidole. Kabla mwezi Juni haujaisha alikamatwa Byron De La Beckwith, mchuuzi wa mbolea wa mji wa Greenwood, mtu wa chama cha Wazungu waliopinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja. Alama ile ililingana na alama zake zilizokuwa katika kumbukumbu za jeshi. Gazeti kubwa la Jackson, Clarion-Ledger, likatoa habari kwa kichwa kilichomtaja kuwa ni mtu wa California. Ni kweli alizaliwa California, lakini aliletwa Mississippi akiwa mtoto mdogo na akakulia huko. Hivyo ndivyo gazeti linavyoweza kumkana mwana wa nyumbani.

Kesi ilisikilizwa mara mbili mwaka 1964. Kwa sheria za kwao hukumu hutolewa na raia 12 waitwao juri, nao sharti wakubaliane wote. Si kama wazee wetu wa baraza ambao kazi yao ni kumshauri jaji. Wajumbe wa juri walitoka katika daftari la wapiga kura, na watu weusi walikuwa wamezuiwa wasiingie humo. Wanawake nao hawakuruhusiwa kabisa katika jimbo lile. Basi mara zote mbili walikaa wanaume 12 weupe. Askari polisi wa Greenwood wakaapa kwamba usiku ule walimwona Beckwith kwao, kilometa kama 150 kutoka Jackson. Aliyewahi kuwa Gavana, Ross Barnett, aliingia mahakamani akampa mshtakiwa mkono mbele ya watu. Mara zote mbili juri ilishindwa kukubaliana. Beckwith akarudi nyumbani, na mwaka 1967 akathubutu hata kugombea cheo cha naibu gavana. Hakuchaguliwa. Mwaka 1969 mashtaka yakaondolewa rasmi.

Kwa hiyo nasema kesi hii haikupoa yenyewe. Ilipozwa, na waliohusika hawakuwa wahuni wa vichochoroni tu. Tangu mwaka 1956 serikali ya Mississippi ilikuwa na idara iliyoitwa Tume ya Mamlaka ya Jimbo, kazi yake kulinda ubaguzi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimekaa na majalada zaidi ya miaka 15, na ninapoisoma habari ya tume ile naiona kama ofisi ninayoifahamu: ina bajeti, ina maofisa, ina masjala, ina barua zenye muhuri wa siri. Ilipeleleza walimu, wachungaji na wanafunzi, na Evers mwenyewe alikuwa na jalada lake humo. Ilipovunjwa mwaka 1977, Bunge la jimbo liliamuru majalada yafungwe miaka 50, hadi 2027.

Mwaka 1989 mwandishi Jerry Mitchell, wa gazeti lile lile la Clarion-Ledger, alipata karatasi kutoka ndani ya majalada hayo. Zilionyesha kwamba mwaka 1964, mwendesha mashtaka wa serikali akipigania kumtia Beckwith hatiani, ofisa wa tume, anayelipwa kwa kodi ya wananchi wale wale, alikuwa akiwachunguza kwa siri watu walioandaliwa kuwa juri na kuwapa taarifa mawakili wa mshtakiwa. Serikali moja, mikono miwili, kila mkono ukivuta upande wake. Bibi Myrlie, ambaye wakati huo alikuwa anaishi mbali na Mississippi, akadai kesi ifufuliwe.

Hapo ndipo mabishano yakawaka jimbo zima. Wako waliosema mzee amekwisha timiza miaka 70, mwacheni afe kitandani kwake. Wako waliosema fedha za umma zitapotea bure, mashahidi wamekufa, na Mississippi mpya isichafuliwe kwa uchafu wa zamani. Mawakili wake wakasema Katiba inampa mshtakiwa haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa. Hoja hii ya mwisho haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya jimbo iliruhusu kesi iendelee kwa majaji 4 dhidi ya 3. Lakini zile nyingine zina kasoro moja. Huyu mzee hakuwa mtu aliyetubu akakaa kimya. Katika miaka ya sabini alikamatwa New Orleans akiwa na bomu ndani ya gari, akafungwa kwa ajili hiyo. Na katika miaka yote ile alikuwa akijigamba kwa watu mbalimbali kwamba Evers alimwua yeye. Wanaosema yaliyopita si ndwele hawana budi kuuliza kwanza kama yamepita. Kwa mjane aliyeufuta mwenyewe umwagaji damu wa mumewe mlangoni, yalikuwa hayajapita, na kwa muuaji aliyeyafanya masimulizi ya kujitapa, hayakuwa yamepita vilevile.

Mwendesha mashtaka kijana, Bobby DeLaughter, alipoanza kazi alikuta jalada la mahakama halipo. Mwenendo wa kesi za 1964 haukuonekana, bunduki haikuonekana, na taarifa ya daktari aliyeichunguza maiti ilikuwa imepotea. Bunduki ilikuja kugunduliwa katika nyumba ya marehemu jaji mmoja, ambaye alikuwa baba mkwe wake huyo huyo mwendesha mashtaka. Namba zake zikalingana. Mwaka 1991 maiti ya Evers ilifukuliwa katika makaburi ya mashujaa ya Arlington, ikakutwa haijaharibika sana. Mtoto wake wa mwisho, Van, aliyekuwa na miaka 3 baba yake alipouawa, alipata nafasi ya kuuona uso wake.

Na ule mwenendo wa kesi? Ulikuwa kwa Bibi Myrlie. Nakala ya kesi ya kwanza alikuwa ameitunza miaka yote ile. Mahakama yenye makarani na makabati ilipoteza karatasi zake. Mjane aliyehama jimbo na watoto watatu hakupoteza zake. Bila nakala ile, maneno ya mashahidi waliokwisha kufa yasingaliweza kusomwa upya mahakamani. Yalisomwa, mwezi Januari na Februari 1994, mbele ya juri ya watu weusi 8 na weupe 4. Walikuja pia watu waliomsikia Beckwith akijigamba. Tarehe 5 Februari 1994 alitiwa hatiani, akapewa kifungo cha maisha akiwa na umri wa miaka 73. Rufani yake ilitupwa mwaka 1997, naye akafa mwaka 2001 akiwa bado mfungwa.

Filamu iliyotengenezwa mwaka 1996 kuhusu kesi hii ilimfanya DeLaughter ndiye shujaa mkuu, na watu wengi weusi walinung'unika kwamba mjane amesogezwa pembeni. Nadhani walikuwa na haki. DeLaughter baadaye akawa jaji, na mwaka 2009 yeye mwenyewe alikiri kosa la kuwadanganya wapelelezi wa FBI katika shauri jingine kabisa, akafungwa. Wanafunzi wa Historia waliandike hili pia katika madaftari yao, wala wasilifiche kwa ajili ya kuipamba hadithi. Kazi aliyoifanya mwaka 1994 ilikuwa kazi ya kweli hata hivyo.

Majalada ya tume hayakungoja 2027. Mahakama iliamuru yafunguliwe mwaka 1998, zaidi ya kurasa laki moja, na leo mtu yeyote anaweza kuyasoma, kwa njia ya intaneti hata kutoka maktaba ya shule yetu, iwapo umeme upo. Yamo majina ya waliopelelezwa na ya waliokuwa wakilipwa kupeleleza, baadhi yao watu weusi. Bunduki yenyewe imewekwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa Jackson mwaka 2017, ndani ya kabati la kioo, kwenda kwa dakika chache tu kutoka nyumba ambayo Evers aliangukia mlangoni pake.